Kamba ya winchi iliyokatika: fungua hilo fundo, kamba unaiunga

Mkuu, umesema kamba yako ya sintetiki ya milimita 10, ya winchi (ile mashine ya kujivutia gari likikwama), imekatika mita sita hivi kutoka kwenye ndoano, ukapiga fundo, ukatoka kwenye tope. Sasa unauliza kama uendelee na fundo au ununue kamba mpya, na kama uipake grisi. Kwa kifupi: fundo lifungue leo, dukani usiende bado, na grisi iweke mbali kabisa.

Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa kumi na nne sasa, Land Cruiser mkonga, Arusha kwenda Ngorongoro, Ndutu na Serengeti. Januari hadi Machi nyumbu wanazalia Ndutu, wageni wamejaa, halafu mvua inakukuta katikati ya udongo mweusi. Kamba moja niliiua kwa ujinga wangu mwenyewe, nitaeleza. Nyingine nimeshaiunga mara mbili na iko kwenye ngoma (ile silinda ya winchi inayozungushiwa kamba) hadi leo.

Tatizo la fundo ni kona kali. Linakula karibu nusu ya nguvu ya kamba, na kwa kamba hizi ni baya zaidi kwa sababu nyuzi zake zinateleza. Ni polietilini, ukoo mmoja na yale madumu ya mafuta ya kula, ila imevutwa kitaalamu mpaka ikawa na nguvu kuliko chuma cha uzito uleule. Halafu likifika kwenye ngoma, fundo linajichimbia kwenye mizunguko ya chini na kuisaga. Umejitengenezea pa kukatikia kesho.

Kuunga nilijua kabla ya kujua gari. Mjomba wangu alikuwa baharia wa jahazi Pangani, na kamba za mkonge tulikuwa tunaziunga kwa kusuka. Hizi za sintetiki ni rahisi kuliko za mkonge. Ukiiangalia kamba yako utaona nyuzi kubwa 12 zilizosukwa, na katikati iko wazi kama bomba. Ukiisukuma inafumuka, ukiivuta inabana. Waliokua na kifumbu cha kukamulia nazi wananielewa: kadiri unavyokivuta ndivyo kinavyobana kilichomo ndani. Kwa hiyo mkia wa kamba ukiwa ndani ya kamba nyenzake, mzigo wenyewe ndio unaoushika.

Urefu wa kuzika ni mara 72 ya unene. Kwa milimita 10 ni sentimita 72 kila upande, na usinifanyie ubahili hapa. Kwanza kata sehemu yote iliyochakaa, pande zote mbili, mpaka ufike kwenye kamba nzima. Pima sentimita 72 kutoka kila ncha, weka alama. Tanua nyuzi pale kwenye alama ya kamba ya kwanza, pitisha mkia wa kamba ya pili mpaka alama zikutane. Kisha tanua ile ya pili, pitisha mkia wa kwanza kwa mtindo uleule. Vuta. Hapo zimeshikana kama vidole, haziachani hata kamba ikilegea.

Sasa punguza mikia. Kwenye theluthi ya mwisho ya kila mkia chomoa nyuzi na uzikate kwa hatua, moja hapa, nyingine mbele kidogo, mpaka mkia uishe mwembamba kama wa panya. Ukiuacha butu, kamba itapinda ghafla mahali pale pale na ndipo itakapokatikia. Mabaharia wana chombo maalumu cha kuzikia. Mimi natumia waya mwembamba uliokunjwa katikati, nauingiza ndani ya kamba, naunasia mkia, navuta. Kila mkia unazikwa kuelekea kwenye kamba ya mwenzake. Ukimaliza, kamua kwa mkono kutoka kwenye kiungo kwenda nje mpaka kamba ilale. Shona mishono michache kwa uzi uliouchomoa kwenye kipande ulichokata, kiungo kisicheze kikiwa hakina mzigo.

Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima na matusi kadhaa. Ya pili dakika ishirini.

Utapoteza kama mita moja na nusu, ukiongeza na ulichokata. Si hasara kubwa. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma. Kila safu inayopanda juu yake inaipunguza, kwa hiyo kamba fupi kidogo haikuumizi. Na kama hizo mita sita zote zimechoka, mimi ningezitupa na kusuka kitanzi kipya kwenye kamba iliyobaki. Mita ishirini na kitu zinakutoa sehemu nyingi tu.

Lakini kabla ya yote hayo, tafuta kilichoikata. Kama ncha imetoka manyoya, ilikuwa inasugua: jiwe, kingo za bampa, au zile rola za zamani za kuongozea kamba, zilizochanwa na waya wa chuma. Ukihama kutoka waya kwenda sintetiki, rola hizo zitoe, weka mdomo laini wa alumini wa kupitishia kamba. Ukiifumua ukakuta vumbi ndani, basi nyuzi zimekatana zenyewe kwa zenyewe. Vumbi la Ndutu na nyanda za majani mafupi za Serengeti ni majivu ya volkano, linakata vibaya. Kama ni ngumu na inang'aa, pinda-pinda kwa mikono. Ikilainika, ilikuwa imebanwa tu. Ikibaki ngumu kama plastiki iliyopigwa moto, imeungua, na hapo hakuna cha kuunga.

Ndivyo nilivyoua yangu. Nilimshusha mwenzangu kwenye ukingo wa korongo kwa winchi, taratibu, gari zima likining'inia kwenye kamba. Winchi nyingi za umeme zina breki ndani ya ngoma. Ukiachia kamba ikiwa na mzigo, breki inashika muda wote, ngoma inachemka, na nyuzi hizi zinayeyuka karibu nyuzijoto 150, nguvu zinaanza kupungua mapema zaidi. Kuvuta hakukuidhuru, kushusha ndiko kuliikaanga mizunguko ya chini. Nikaja kugundua wiki mbili baadaye, kamba ilipokatikia ngomani, mgeni akiwa anarekodi video.

Usafi: ikishaonja tope, itoe yote, loweka kwenye beseni, sabuni ya kawaida, ifikiche. Usiipeleke kwenye mashine ya presha ya kuoshea magari, inasukuma mchanga ndani. Ianike kivulini. Grisi na oili zinakamata vumbi, ndiyo maana nimekataa.

Kuirudisha ngomani usiikunje kwa mkono tu. Ifunge kwenye mti kwa mkanda mpana (kamba yenyewe isiguse mti, utaumiza vyote viwili), uwanja mkavu wenye mwinuko kidogo, uvute gari mguu ukiwa umegusa breki. Mizunguko inalala imekaza, na hapo hapo unakijaribu kiungo chako. Weka blanketi juu ya kamba, watu wakae mbali, mtu asiiruke. Kazini usiitoe yote: bakiza mizunguko kumi ngomani, maana sintetiki inateleza kwenye chuma. Mimi nimeshona uzi mwekundu pale pa kukomea.

Kwa aliyeuliza kwenye maoni hapa chini kuhusu kutunza winchi ya waya wa chuma: huo ndio unaopakwa oili nyepesi, na ukitoka Natron uoshe magadi siku hiyo hiyo. Glavu za ngozi lazima, nyuzi zilizokatika zinachoma kama ndoana. Ukishapata mkunjo mkali hata ukiunyoosha haufai tena. Klempu (vibanio vya chuma vya kuungia waya) ni za dharura, kichwa cha U kikae upande wa mkia, kisha unafika mjini unabadilisha.

Mkuu, piga picha ncha zote mbili pale ilipokatika, pamoja na safu ya chini kabisa ya ngoma, uweke hapa kabla hujakata kitu.