Re: Inveta inazima friji ikianza kuwaka

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, inveta yako ya wati 600 (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) inawasha taa na TV bila shida, ila friji ya wati 100 ikijaribu kuwaka inveta inalia na kuzima, na betri ya 12V 100Ah imejaa.

Usikimbilie kununua inveta nyingine. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye DC 20V, pima kwenye terminali za inveta wakati friji inaanza, kisha rudia hivyo hivyo kwenye nguzo za betri. Betri ikibaki volti 12 na inveta ikashuka kwenye 10.5, waya ndio tatizo. Kompresa (mota ya friji) ikianza huvuta umeme mara tano hadi nane ya kawaida, na wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Waya wako wa 4mm², mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, unapoteza kama volti 1.4 hapo. Weka wa 25mm², ufupishe hadi mita 1.5, kaza vichwa vya waya, na fyuzi ya ampea 100 iwe karibu kabisa na chanya ya betri. Watu wengi huiruka hiyo fyuzi, halafu waya ukigusana unawaka moto.

Volti za betri na za inveta zikishuka pamoja, betri imechoka hata kama bila mzigo inasoma 12.7.

Volti zikibaki juu na bado inazima, hapo inveta ni ndogo: tafuta ya wati 1000 au zaidi, sine safi (inayotoa wimbi laini kama umeme wa gridi). Hujasema yako ni ya aina gani. Zile za wimbi la mraba huifanya kompresa ivume na kupata joto.