Mboga zangu za asili, bei ileile

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima karoti na mchicha Mgeta kwa samadi na mwarobaini tu, lakini sokoni Morogoro bei ni ileile ya wengine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Neno "asilia" kila mchuuzi analo siku hizi, halimshtui mtu. Mwoneshe mteja picha ya matuta yako yanayozuia udongo usiporomokee mtoni. Maji hayo ya Uluguru huingia Ruvu na kuishia mabombani Dar es Salaam. Hilo linamgusa mteja wa Dar! Kisha undeni kikundi, mkaguane mashamba, muombe alama ya Kilimohai, nembo ya mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani, inayofuata kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007. Na dalali mwepuke: akishachanganya gunia lako na la jirani, alama haina kazi tena.