Maswali na Majibu: Chai ya Moshi ya Tongmu

Dukani naona Lapsang Souchong na Zhengshan Xiaozhong. Ni chai mbili tofauti?

Asili ni moja: kijiji cha Tongmu, ndani ya milima ya Wuyi, mkoa wa Fujian, China. Zhengshan Xiaozhong ni jina la majani ya Tongmu na viunga vyake. Lapsang Souchong ni jina la soko la nje, na siku hizi hubandikwa hata kwenye majani ya kwingineko yaliyofukizwa moshi. Jambo la kuangalia kwenye pakiti: Zhengshan Xiaozhong nyingi zinazouzwa sasa hazina moshi kabisa. Ukitaka yenye moshi, uliza kabla ya kulipa.

Chai hii huhesabiwa kuwa chai nyeusi ya kwanza duniani, ya karne ya 17. Wenyeji husimulia kuwa askari walipiga kambi kijijini, majani yakacheleweshwa hadi yakageuka rangi, ndipo yakakaushwa haraka kwa moto wa msonobari.

Moshi unaingiaje? Wanatia ladha?

Katika chai ya kweli hakuna kinachotiwa. Kazi hufanyika katika jengo la mbao la ghorofa kadhaa liitwalo qinglou. Kuni za msonobari huwaka chini, joto na moshi vikapanda kupitia sakafu zenye nafasi. Majani mabichi hunyaushwa ghorofa za juu, husokotwa, kisha huachwa yachachuke kwa saa kadhaa ndani ya vikapu vilivyofunikwa kitambaa. Baadaye hukaangwa dakika chache kwenye karai la moto mkali ili uchachu usimame, na kusokotwa tena.

Hapo ndipo penye siri. Majani yakiwa bado na unyevu hutandazwa kwenye nyungo za mianzi, ghorofa ya chini, na kufukizwa hadi yakauke, kazi ya saa nane hadi kumi na mbili. Jani lenye unyevu hunasa moshi. Likishakauka hunasa kidogo tu. Ndiyo maana anayefukiza majani makavu ya bei rahisi hulazimika kuzidisha moshi, na matokeo yake unayajua ukifungua pakiti.

Yangu inanuka lami. Ni bandia?

Huenda si bandia, ila ni duni. Pika, kisha subiri mkupuo wa tatu, yaani maji ya moto yakimiminwa mara ya tatu juu ya majani yale yale. Chai nzuri hubaki na utamu unaofanana na tunda kavu la longan, moshi ukiwa nyuma yake, na maji yake ni mekundu yanayong'aa. Ikiwa moshi ukiondoka kinabaki kikombe chepesi chenye kukwaruza koo, jani lilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Mimi nisingeirudia.

Naipikaje? Naweza kutia maziwa?

Usiichemshe sufuriani kama majani yetu ya kusagwa. Ni jani zima, na likitokota hutoa uchungu. Kwa birika: gramu 3 kwa mililita 250 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika tatu, chuja yote. Kwa bakuli dogo lenye kifuniko: gramu 5 kwa mililita 110, sekunde kumi mkupuo wa kwanza, ukiongeza kidogo kila unaofuata. Yenye moshi mzito hustahimili maziwa kidogo. Isiyo na moshi inywe ya rangi, strungi. Iliki na tangawizi viweke kando, vitaifunika.

Kwa nini Jin Jun Mei, chai nyingine nyeusi ya Tongmu, ni ghali hivyo?

Kwa sababu ni vichipukizi vitupu, makumi ya maelfu kwa nusu kilo, vikichumwa kwa mkono majira ya kuchipua. Hata hivyo si chai ya kale, ilibuniwa 2005, wala haifukizwi. Anayekuuzia Jin Jun Mei "ya karne nyingi" ana haraka na pesa zako.

Ndugu yangu aliye Ujerumani anasema ya moshi imeadimika huko. Kweli?

Ndiyo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha antrakwinoni katika chai, miligramu 0.02 kwa kilo. Kemikali hiyo hutokana pia na moshi wa kuni, kwa hiyo shehena nyingi zilizofukizwa huvuka kiwango. Akiipata, aihifadhi kwenye kopo la bati lisilopitisha hewa, mbali na chai nyingine, maana harufu yake huambukiza kabati zima.