Ukepteni kwenye jeti ndogo: anza kuamua ukiwa bado kiti cha kulia

Ndugu yetu kauliza, ana masaa 2,300 ya kuruka, kakaa kulia, yaani rubani msaidizi, miaka minne kwenye jeti ya kukodi, kampuni imemwambia mwezi ujao aende simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, arudi kepteni, sasa ajiandae vipi. Mimi nilipita njia hiyohiyo kwenye Hawker 800XP, jeti ndogo ya injini mbili, nikiwa Nairobi, kwa hiyo naandika niliyoyaona mwenyewe.

Kwanza mikono. Kulia umezoea usukani mkono wa kulia na throto mkono wa kushoto, ukihamia upande wa pili vyote vinageuka, halafu kwenye Hawker kile kigurudumu cha kugeuzia tairi la mbele kiko upande wa kepteni tu, yaani miaka yote hiyo hujawahi kukishika. Omba ruhusa ndege ikiwa imepaki ukae kushoto hata nusu saa kila siku, gusa kila swichi mpaka mkono uijue bila macho. Na mkono wa kepteni unabaki kwenye throto mpaka V1, ile kasi ambayo ukishaifikia huwezi tena kusimama salama kwenye ranwei, kwa sababu kukatisha kupaa ni uamuzi wake, ikishaitwa V1 unautoa, injini ikifa hapo unapaa na hiyo moja iliyobaki. Zoezi hili utapewa mpaka uchoke, lakini hata ukiwa kulia ulishalifanya, kwa hiyo si hilo litakalokusumbua.

Kilichonisumbua mimi kilikuwa kitu kidogo. Siku ya tatu simuleta instrakta akaniulia jenereta moja tukiwa kwenye aprochi, yaani tunakuja kutua, hali ya hewa mbaya, na mimi nikabeba kila kitu, nikarusha mimi, redio mimi, cheklisti nikaanza kuisoma mimi, mwenzangu kulia kakaa tu anasubiri. Instrakta akasimamisha simuleta akaniuliza, huyu jamaa umemwajiri kufanya nini? Nilinyamaza. Kuanzia hapo kila hitilafu ikija nampa mwenzangu ndege, au naweka otopailoti, kisha namuuliza yeye kwanza anaona nini kabla sijasema langu. Ukisema wewe kwanza atakubali tu, maana wewe ni kepteni.

Sasa jambo lenyewe ninalotaka ulibebe. Simuleta haitakufundisha kumkatalia mtu mwenye hela aliyekaa mita tatu nyuma yako. Mwezi wangu wa pili kushoto tuko Addis Ababa, uwanja uko juu zaidi ya futi 7,600, saa saba mchana, abiria saba na mizigo, wanataka Dubai moja kwa moja. Hesabu zikakataa. Ranwei ni ndefu sana pale, tatizo ni kwamba injini moja ikifa lazima iliyobaki ipandishe ndege kwa mwinuko wa asilimia 2.4, na kwa ule uzito, kwenye hewa nyepesi vile, haikuwezekana. Nikasema tunachukua mafuta kidogo tunatua Djibouti kujaza, kule ni usawa wa bahari. Mteja akaniambia kepteni wa mwezi uliopita alimpeleka bila kusimama, akampigia mwenye ndege, mwenye ndege akanipigia mimi. Nikamsomea namba zilezile, sikuongeza neno. Tukapita Djibouti. Mkono ulikuwa unatetemeka nikishika simu, nakwambia ukweli.

Na usidhani presha ni maneno tu. Machi 29, 2001 Gulfstream III ya kukodi ilianguka Aspen, Colorado, watu wote 18 wakafa, na wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani la kuchunguza ajali, kati ya mambo yaliyochangia waliandika kabisa presha aliyokuwa nayo kepteni kutoka kwa mteja, pamoja na kuchelewa kuondoka na katazo la kutua usiku pale uwanjani. Yule alikuwa rubani mzoefu.

Kwa hiyo muda uliobaki fanya hivi, kila safari kabla kepteni wako hajasema kitu, andika kwenye karatasi yako mafuta kiasi gani, uwanja wa akiba upi, na kwa hali ipi utageuka. Halafu linganisha na alichoamua yeye, mkitofautiana muulize mkiwa mmeshashuka, si mbele ya abiria. Mimi nilifanya miezi sita na makaratasi yale bado ninayo, yalinisaidia kuliko kitabu chochote.

Pia kagua logbuku yako leo. ATPL, ile leseni ya juu ya urubani, inataka masaa 1,500, na masaa ya ukepteni chini ya usimamizi lazima yawe yamesainiwa na kepteni uliyeruka naye, nimeona mtu anahangaika kumtafuta kepteni aliyehamia nchi nyingine kwa ajili ya saini tu. Na kama kampuni inakulipia hiyo kozi kwa mkataba wa kukufunga miaka kadhaa, usome wote kabla hujapanda ndege ya kwenda, hasa kile kipengele cha nani analipa ukifeli cheki ya mwisho. Ukishajua ni simuleta ya ndege gani niandikie hapa, kama ni Hawker nitakuelezea siku moja moja zilivyokwenda.