Kadi ya PLC inayozingua halafu inapona yenyewe: maswali yenu

Maswali ya safari hii kuhusu PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine za kiwandani, na kadi ni vipande vinavyochomekwa kwake) karibu yote ni ugonjwa mmoja, mashine inasimama saa nane usiku, fundi akifika taa zote kijani, operata anaonekana muongo. Twende.

Mkuu, S7-300 yetu (PLC ya Siemens) inawasha taa nyekundu ya SF, ile ya hitilafu, mara mbili tatu kwa wiki, tukizima na kuwasha inapona. Kadi ya inputi nimeshabadilisha, bado. Nibadilishe na CPU?

Hapana kaka, weka hela mfukoni kwanza. Chomeka laptopu usome diagnostiki bafa, mle CPU inaandika kila tukio na saa yake, la mwisho liko juu kwahiyo teremka chini mpaka ulione lile lililoanzisha vurugu, mengine ni wafuasi tu. Na uangalie saa ya CPU yenyewe, nimeshakutana na zilizokuwa zinasoma mwaka 1994 maana hakuna aliyewahi kuziseti, sasa hapo utalinganishaje na daftari la shifti? Ukishapata saa ya kweli ndo unauliza, dakika ile kompresa iliwaka? Jenereta liliingia? Kadi mpya bila kujua hilo ni kubahatisha.

Nimepima 24 volti, mita inasoma 24.1 muda wote, lakini kadi zinaripoti kwamba zimekosa umeme. Mita yangu mbovu?

Mita nzima, ila ni mzito wa macho. Umeme ukidondoka kwa milisekunde chache yeye bado anakuonyesha wastani, tumia ile ya kunasa min na max kama yako ni ya haraka, au azima osiloskopu (kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka) uiache pale. Kadi nyingi za Siemens zinataka kati ya 20.4 na 28.8, chini ya hapo usishangae.

Hii ilishanitesa mimi mwenyewe wiki tatu nzima. Tulibadilisha pawa saplai, tukabadilisha kadi, bosi wa uzalishaji kanuna hata salamu haitikii, kumbe shida ni waya wa 0V, ule wa kurudishia umeme. Feruli (kile kikofia cha chuma cha ncha ya waya) ilikuwa imebanwa juu ya plastiki badala ya shaba, nyuzi mbili tatu tu ndo zinagusa, ukiitazama kwa macho iko vizuri kabisa na skrubu imekaza. Nilivuta kwa vidole viwili, ikatoka kama jino la mtoto. Kila solenoidi kubwa (koili inayovuta valvu) ikivuta, pale panalegea. Tangu siku hiyo mimi navuta kila waya kwa mkono (umeme ukiwa umezimwa jamani!) kabla sijagusa kitu kingine. Halafu solenoidi na rilei zako zina daiodi kwenye koili? Kama hazina, kila zikizima zinarusha mshtuko kwenye laini hiyohiyo inayolisha kadi.

Fundi, stesheni namba 7 ya Profibus (laini ya mawasiliano kati ya PLC na vifaa vyake) inapotea na kurudi, taa ya BF, ile ya hitilafu ya mawasiliano, inapepesa. Kebo tumebadilisha.

Zima kila kitu, pima kati ya waya A na B za kebo hiyo. Ukipata karibu na om 110 tamineta zote mbili (vizuizi vya kufungia ncha za laini) zipo, ukipata 220 moja haipo. Swichi ya ON inakaa kwenye plagi za mwisho tu, huku na huku, sio katikati. Wengi wanachosahau, stesheni ya mwisho ikizimwa na tamineta yake nayo inakosa umeme, basi laini nzima inaanza kuweweseka na lawama anabebeshwa jirani asiye na kosa. Pia angalia kama kebo imelala trei moja na kebo za mota zenye inveta (kidhibiti kasi, kinarusha makelele ya umeme), hapo 7 anaonewa tu.

Ya kwetu inazingua mchana tu, saa nane mpaka kumi, usiku iko freshi. Tumefungua mlango wa paneli tumeweka feni.

Joto hilo dada, ila feni na mlango wazi kwenye vumbi la kiwanda mnajichimbia kaburi. Safisha filta, halafu tazama reli iliyobeba PLC: S7-300 ikilala inavumilia mpaka nyuzi 60, ikisimamishwa wima ni 40 tu. Yenu ikoje?