Msomaji Anauliza: Mto unapanda kila masika, tujenge ukuta au tuhame?

Mbukwenyi wasomaji wetu, barua za safari hii nyingi ni za maji, nimechukua tatu, ya kwanza nimeikalia sana kwa sababu najua mko wengi wenye shida hiyohiyo.

SWALI: Nina duka Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, siko mbali na mto Kinyasungwe. Zamani maji yakija yalikuwa yanaishia mashambani, siku hizi yanaingia mpaka kwa watu. Masika iliyopita yamenikuta ndani usiku, unga na sukari vyote vikalowa. Baba mkwe anasema mvua ni zilezile tu, mume wangu anataka tuzungushie ukuta wa bloku. Utasaidia? (Mama mwenye duka, Gulwe)

JIBU: Pole sana mama, mtaji kulowa usiku mmoja inauma. Baba mkwe msikilizeni, ana hoja. Mvua zinapishana mwaka na mwaka na ipo miaka inapiga vibaya, lakini huku kwetu bado ni nchi kame, milimita 550 mpaka 600 hivi kwa mwaka, zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili basi. Kitu kinachopanda hapo kwenu ni mchanga. Mto umejaa mchanga, kina kimeisha, yaani ni kama sufuria iliyojaa wali ukiongeza kikombe kimoja tu cha maji yanamwagika pembeni. Kiangazi nenda kaangalie daraja au kalavati lolote unalolijua tangu umeolewa hapo, uone uwazi wa chini umebaki kiasi gani, alafu waulize kina mama wanaochimba maji mchangani siku hizi wanashuka urefu gani kabla hawajakuta udongo mgumu.

Huo mchanga unatoka juu. Miteremko imelimwa mpaka kileleni, miti imeenda kwenye mkaa, ng'ombe wamekanyaga njia mpaka zimekuwa makorongo, sasa ardhi imekaa uchi kiangazi chote ikija mvua ya kwanza ya Desemba inabeba kila kitu inakuja kuwashushia nyinyi. Na inatibika, hili nalisema kwa msisitizo! Kondoa kulikuwa kumeoza kabisa kwa makorongo, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ukaanza 1973, na 1979 serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika, majani na miti vikarudi. Watu waliumia, kuondolewa ng'ombe sio jambo dogo kwa mtu wa huku, lakini ardhi ilishika. Ila inachukua miaka, na wa kuifanya ni vijiji vya juu, Gulwe peke yenu hamuwezi hata mkijenga nini.

Ndio maana ukuta siushauri. Kipande cha reli kati ya Gulwe, Godegode na Kidete kinasumbuliwa na mto huohuo miaka nenda rudi, mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010 yaliyopiga Mpwapwa na Kilosa yalibeba tuta la reli na treni zikasimama kwa miezi, na lile tuta lina mawe na mainjinia. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, inachimba chini ya msingi wa bloku kwanza ndio ukuta unalala, tena ukilala ulale upande wa watoto? Na usipolala unamsukumia jirani maji.

Hela ya ukuta inueni sakafu ya duka. Ile alama ya tope iliyobaki ukutani msiichukulie ndio mwisho wa maji, sababu mchanga bado unaongezeka, chaga ya kuwekea magunia ianzie juu yake kabisa, daftari la madeni na leseni viwe kwenye mfuko wa nailoni sehemu ya juu. Na msisubiri mawingu ya Gulwe, maji yenu yanatoka Dodoma, Chamwino, Kongwa, yanaweza kufika kwenu jua linawaka. Tafuteni watu wawili watatu vijiji vya juu wenye simu, mto ukijaa kwao wapige, iwe mchana iwe usiku, hiyo pamoja na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ndio itawapa muda wa kutoa watoto. Vijana wa bodaboda muwaambie kabisa maji ya magotini yenye kasi yanamuangusha mtu mzima na pikipiki yake.

Kuhusu kuhama, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama duka liko humo mimi nasema hameni, ila msihame kimyakimya, watu walijenga hapo kabla ya hiyo sheria na kupigiwa X nyekundu ya kubomolewa bila kuonyeshwa pa kwenda sio haki. Lipelekeni mkutano mkuu wa kijiji, ombeni viwanja sehemu ya juu, na iandikwe kwenye muhtasari.

SWALI: Kisima chetu kilizamishwa na mafuriko, sasa maji yametulia na yanaonekana masafi, tunaweza kunywa? (Baba wa watoto wanne, Mpwapwa)

JIBU: Hapana kaka. Yale maji yamepita kwenye vyoo vya shimo vya mtaa mzima, kipindupindu hakionekani kwa macho. Muoneni afisa afya wa kata kisima kitolewe maji yote na kiwekwe klorini, kabla ya hapo mnayokunywa yachemke mpaka yatokote, hata ya kuswakia.

SWALI: Nimepata kiwanja bei poa Bahi, pakavu kabisa, nilipie? (Kijana, Dodoma mjini)

JIBU: Umekiona mwezi wa ngapi? Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa unamwaga bwawani Bahi, na lile bwawa halina pa kutokea, maji yanakaa mpaka jua liyanyonye, ndio maana mpunga na kambare wa Bahi wanapatikana. Ukikuta udongo mweusi wenye nyufa, au takataka zimenasa kwenye miba usawa wa kiuno, hapo ni njia ya maji. Waulize majirani wa siku nyingi, sio dalali, na rudi mwezi wa tatu ukakione kabla hujatoa hata shilingi.