Fundi Anajibu: Spika inayomwamsha bibi wakati wa taarifa ya habari

*Fundi, salamu. Mdogo wangu anaishi Minneapolis, Marekani. Desemba alimpa mtu aliyekuwa anakuja likizo mzigo wetu: spika mbili za Alexa zinazosikiliza amri za mdomo, balbu nne za kuwashwa kwa sauti na plagi janja mbili. Alisema ameshaziandaa kwenye akaunti yake, sisi ni kuchomeka tu. Spika zinaongea vizuri. Lakini balbu ya kwanza iliwaka nyeupe kali, ikapiga pa! ikazima. Ya pili vilevile. Plagi moja niliichomeka kwa adapta, ikanuka plastiki nikaichomoa. Kubwa zaidi ni la mama yetu, ana miaka 74, anataka kuamshwa saa 11 alfajiri aswali. Mjukuu wake akaiambia spika kwa Kiingereza imwamshe saa kumi na moja asubuhi, ikakubali. Alfajiri kimya. Usiku wake, saa 2 kamili, taarifa ya habari ndiyo inaanza, ikalia mpaka tukaichomoa. Siku ya pili hivyohivyo. Mama anasema chombo kina shetani na kisilale ndani ya nyumba. Je, hakuna inayosikia Kiswahili?*

*Dada Mkubwa, Chumbageni, Tanga*

Dada yangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Halafu mwambie shetani hayumo. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli.

Mjukuu ametafsiri neno kwa neno. Saa kumi na moja yetu inahesabiwa tangu jua lilipozama, ya Kiingereza inahesabiwa tangu usiku wa manane. Kumi na moja asubuhi ya Kiingereza ni saa 5 yetu, watu wanakaribia kuinjika chakula cha mchana. Kwa hiyo spika iliwekwa saa 5 asubuhi. Sasa mbona ililia saa 2 usiku? Hapo ndipo penseli ilipofanya kazi. Mdogo wako aliiandaa akiwa kwake, akajaza anwani ya kwake. Spika imevuka bahari lakini yenyewe haijui, inaamini bado iko Minneapolis. Kipindi hiki cha baridi sisi tumewatangulia saa 9. Saa 5 asubuhi ya kwao ni saa 2 usiku ya Tanga. Haikukosea hata dakika moja! Na mngeiacha mpaka Machi, wenzetu wakishasogeza saa zao mbele, ingeanza kulia saa 1 usiku, mama angesema shetani kabadilisha zamu.

Dawa yake ni ndogo. Mpigie mdogo wako, afungue ile programu ya Alexa kwenye simu yake, aingie kwenye vifaa, achague spika moja moja, abadilishe anwani na saa za eneo ziwe za Afrika Mashariki. Hata hali ya hewa itaacha kuwatangazia theluji. Kengele ya mama msiiweke kwa mdomo. Iwekeni kwa vidole, kwenye programu hiyohiyo, 5:00 AM, yaani saa 11 alfajiri yetu, kila siku, basi. Mimi nyumbani nimepiga marufuku mtu yeyote kuitajia spika saa kwa mdomo, maana nina watoto wanaohesabu Kiingereza shuleni na Kiswahili mezani, na niliwahi kuchelewa basi la Arusha kwa sababu hiyohiyo.

Sasa balbu. Hizo, dada, ziage. Umeme wa nyumba za Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Balbu iliyotengenezwa kwa ajili ya kwao ikikutana na wa kwetu ni kama mtu aliyezoea kikombe ukammiminia ndoo. Wengi wanadhani adapta inatatua. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, volti zinapita vilevile. Ndiyo maana plagi yako ilinuka, na umefanya vyema kuichomoa, maana dakika kumi zaidi ungeniandikia barua nyingine. Spika zimepona kwa sababu kichwa cha chaja yake kimeandikwa 100–240V. Chukua tochi ya simu usome maandishi madogo ya kijivu ubavuni mwa kila kifaa. Ukiona 100–240V, chomeka. Ukiona 120V peke yake, usijaribu hata kwa dakika. Balbu mbili na plagi iliyobaki mrudishie mwenyewe akazitumie.

Madukani kwetu balbu za waifai za volti 220–240 zipo. Kabla hujaenda, toa balbu uliyonayo uitazame kitako: ni ya pini au ya skrubu? Wateja wangu nusu yao hurudi dukani kwa jambo hilo tu. Muulize muuzaji pia kama inashika waifai ya masafa ya 2.4GHz, maana nyingi haziioni ile ya 5GHz, na ruta za siku hizi zinatoa zote mbili. Watu hukaa jioni nzima wakiilaumu balbu.

Ukishafunga, kuna kitu mwenye duka hatakwambia. Umeme ukikatika ukarudi, balbu nyingi za aina hii huwaka zenyewe, hata kama ulikuwa umezizima. Kwangu ulirudi saa 8 usiku. Taa zote sita zikawaka kwa mpigo, mpaka ya uani. Mama mkwe alikuwa mgeni wetu. Akaamka, akatia udhu, akatandika mswala, akaswali, akatoka ukumbini kuuliza mbona leo muadhini kachelewa. Asubuhi niliingia kwenye mipangilio ya kila balbu nikatafuta sehemu inayosema ifanye nini umeme ukirudi, nikachagua ibaki kama ilivyokuwa. Wewe ifanye siku ileile ya kufunga, hasa kwa kuwa una mzee ndani.

Na swichi ya ukutani isisahauliwe. Balbu hizi zinataka umeme muda wote, ukizima ukutani spika itasema haiioni taa. Mimi kwa ujuzi wangu wote nilizibandika swichi kwa selotepu ili watoto wasiziguse. Ikafika Mei 2024, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti zikapata hitilafu, nchi nzima mtandao ukawa wa kubahatisha. Neno lako unalomwambia spika, dada, haliendi moja kwa moja kwenye taa. Linatoka sebuleni, linapita kwenye ruta, linavuka bahari mpaka kwenye kompyuta za watu, linasikilizwa huko, ndipo amri inarudi Tanga kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka ulipokaa. Siku ile neno halikuvuka. Mke wangu alinikuta kwenye kigoda nabandua selotepu kwa kisu cha jikoni, hakusema kitu, alinishikia tochi tu.

Siku hizi nikimfungia mtu simbandikii chochote. Naacha balbu za kawaida, nafunga swichi janja ukutani, ya kubonyeza na ya kusemesha pamoja. Mtandao usiwepo, kidole kipo. Tatizo ni kwamba nyumba zetu nyingi kwenye boksi la swichi kuna laini (waya unaoleta umeme) na waya unaopanda kwenye taa, nyutro (waya wa kurudisha umeme) hakuna, imeishia juu darini. Fundi wako afungue aangalie kabla hujanunua. Kama nyutro haipo, kuna aina zinazofanya kazi bila hiyo, zinakuja na kapasita ndogo ya kufungwa kwenye taa. Asije fundi akaunga waya wa ethi, ule wa usalama unaoingia ardhini, badala ya nyutro. Nimeyakuta hayo, zaidi ya nyumba moja, na aliyefanya alikuwa amelipwa.

Uliuliza Kiswahili, nimekiweka mwisho kwa sababu jibu lake linauma. Alexa inasikia Kiingereza, Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kireno, Kihindi, Kijapani na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Ila ipo njia ya uani: unaunda utaratibu kwenye programu, unaandika maneno unayotaka wewe, unaipa kazi ya kufanya. Nilijaribu "washa sebule". Ilikuwa inasikia vitu vya ajabu. Nikaanza kufungua kumbukumbu ya maneno yaliyosikika, ambayo programu inaitunza, nikawa naandika vilevile ilivyosikia badala ya nilivyosema. Ikakubali. Kwa mama jaribu neno fupi lenye konsonanti ngumu. "Taa" peke yake inapotea, "taa kubwa" inashika vizuri. Na lugha ya spika ukiiweka Kiingereza cha India, kwangu ilinielewa kuliko nilipoiacha cha Marekani. Sina maelezo, ndivyo ilivyokuwa.

Kwa wanaopenda kuchokonoa, ipo programu huria iitwayo Home Assistant, ilianza 2013, inakaa kwenye kompyuta ndogo humohumo nyumbani. Hiyo unaweza kuiunganisha na kitambua sauti kinachojua Kiswahili, na ikakujibu kwa sauti ya Kiswahili. Sauti niliyoiweka mimi ni ya Kongo. Wanangu wanaiita Mjomba wa Lubumbashi. Inaelewa, kwa kubahatisha, na inataka mtu mwenye subira na wikendi. Mama wa miaka 74 usimpe hiyo bado.

*Fundi, nataka kuiambia spika iwashe pampu ya kisima nikiwa kitandani. Pampu ni ya hospawa moja. Plagi janja imeandikwa 10A. Itatosha?*

*Mwenye Simtanki, Kigamboni*

Haitatosha, ingawa hesabu itakudanganya. Hospawa moja ni wati 746, ukiongeza upotevu unapata ampea tano hivi. Tano ni chini ya kumi, sivyo? Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya hiyo kwa muda mfupi. Ndani ya plagi kuna rilei, swichi ndogo ya umeme, yenye vidole vidogo vya chuma, na kila ukiwasha vinapigwa cheche. Yangu ilidumu wiki saba. Siku ya hamsini na kitu vidole vikagandana. Niliiambia izime, ikajibu kwa adabu kwamba imezima, hata kwenye simu ikaonyesha imezima, na pampu inaendelea kunguruma. Nilikuwa Korogwe. Jirani ndiye aliyenipigia, maji yameshatoka uani yanaingia kwa mama wa vitumbua.

Funga kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili yake ya umeme) yenye ulinzi wa mota. Kifaa janja kiamshe koili ya kontakta tu, ambayo inakula umeme kidogo sana, mzigo wa pampu upite kwenye kontakta. Na juu ya tangi weka swichi ya boya inayokata maji yakijaa, iwe kwenye waya wenyewe, isitegemee waifai. Sauti iwe ya kuanzisha, boya liwe la kusimamisha. Hita ya maji ya kuogea ni hivyohivyo au mbaya zaidi. Ile ya bafuni yenye kilowati 5 usiiwazie plagi kabisa.

*Fundi, mume wangu ameleta spika hizi na mimi sizitaki. Nasikia zinasikiliza kila tunachosema. Yeye anasema ni uzushi. Tuamulie.*

*Asiyetaka, Mikocheni*

Kuamua kesi za ndani naogopa, lakini kila mmoja ana nusu yake.

Maikrofoni iko wazi muda wote ikisubiri jina lake. Ikilisikia, au ikidhani imelisikia, taa inawaka na maneno yanayofuata yanatumwa nje. Shida iko kwenye hiyo "ikidhani". Yetu iliwahi kuitika mtangazaji wa mpira alipotaja mchezaji. Rekodi hizo zinatunzwa, na mwaka 2019 ilifahamika kwamba wapo wafanyakazi waliokuwa wakisikiliza baadhi yake ili kuiboresha mashine. Mwaka 2023 Amazon, kampuni yenye Alexa, ilikubali kulipa dola milioni 25 huko Marekani katika shauri lililohusu, pamoja na mengine, kutunza rekodi za sauti za watoto. Tena tangu tarehe 28 Machi 2025 ile nafasi ya kuziambia baadhi ya spika za Echo, ndizo hizi zenye Alexa, zisitume sauti nje imeondolewa. Kwa hiyo uzushi si neno lake.

Mwambie afungue programu, aende kwenye faragha, rekodi zifutwe na zisihifadhiwe tena. Hapo juu ya spika kuna kitufe cha kuzima maikrofoni, pete ikiwa nyekundu haisikii. Ya chumbani mwenu itoke, hilo nakupa wewe.

Kwangu sheria ni moja, kwamba kikao cha familia kikianza spika inachomolewa. Mwaka jana tulipokea posa ya binti wa kaka yangu. Wazee wamekaa, nikainama kuichomoa, baba mdogo akauliza mbona nazima redio. Nikamwambia hii si redio, baba, ina masikio. Akaitazama, kisha akaitazama televisheni mpya ukutani, ambayo nayo inaambiwa kwa mdomo ibadilishe chaneli.

"Na ile je?"

Nikaenda kuichomoa.